Kamusi Alipokosa Neno

"Sema kama ilivyoandikwa, bwana," msajili wa ndoa alirudia, akiigonga karatasi kwa kidole. "Neno kwa neno."

Bwana harusi aliitazama ile karatasi. Maneno yenyewe hayakuzidi mistari miwili: Mimi, kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu, nakubali kumchukua mwanamke huyu kuwa mke wangu. Mtoto wa darasa la tatu angeyasoma huku anafunga kamba za viatu.

"Mimi," alisema, "hali nimeridhia mwenyewe, sikushurutishwa na yeyote, namwoa mwanamke huyu awe mwenzi wangu."

"Hapana, hapana." Msajili akavua miwani. "Maneno mazuri hayo, lakini si ya sheria. Sheria inasema kwa hiari yangu. Haya, tena."

"Mimi..."

Feni ya dari inazunguka. Bwana harusi kinywa kiko nusu wazi, mishipa ya shingo imemsimama, na hakuna kinachotoka. Dada yake, aliyekuja kuwa shahidi, akainamisha kichwa. Katika chumba kile yeye peke yake ndiye aliyejua.

"Ana nini huyu?" mama wa bibi harusi akauliza kwa sauti ambayo haikujaribu kuwa ndogo.

"Kamusi," bibi harusi alinong'ona, bado anacheka kidogo. "Acha mbwembwe zako. Soma tu."

Kamusi alimtazama yule mwanamke aliyempenda kuliko kitu chochote duniani. Akajaribu tena. Neno likamkaba palepale, kwenye koo. Akaiweka karatasi mezani taratibu, akageuka, akatoka. Akawapita maharusi wengine waliokuwa benchini wakingoja zamu zao, akashuka ngazi, akaingia barabarani na suti yake mpya. Nyuma yake alisikia anaitwa, na hakuweza hata kuitika.

Sasa ngoja nikueleze, maana usipoelewa hapa utamchukia bure.

Mtu huyu alikuwa msahihishaji kwenye kampuni ya kuchapa vitabu vya shule. Kazi yake ni kusoma kila ukurasa kabla haujaenda mtamboni. Wenzake walimbandika jina la Kamusi kwa sababu hakuwahi kusema neno la kawaida kama lipo la ajabu. Waliona ni msomi. Wengine waliona anajidai. Hakuna aliyejua kwamba hata jina lenyewe walilompa hawezi kulitamka.

Kamusi alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Kilimkamata kwenye herufi nne mwanzoni mwa neno: B, K, P na T, na K ndiyo iliyokuwa katili kuliko zote. Shuleni walimcheka mpaka akajifunza ujanja wake mwenyewe. Kabla neno halijafika mdomoni, analiona linakuja. Likiwa baya, analikwepa, anaokota jingine. Badala ya pole, anasema makiwa. Badala ya baba, mzee. Usiku na mchana kichwa chake kilikuwa kinafungua na kufunga droo, kinatafuta neno linalotoka. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa amejificha nyuma ya Kiswahili kizuri, na hakuna aliyemwona.

Na kwa Kiswahili hichohicho ndivyo alivyompata bibi harusi wake, Chavua.

Siku moja alikuta kwenye kitabu cha sayansi picha ya mgomba, na mshale umeandikwa "shina". Moyo wake haukutulia. Akachukua ule ukurasa akaenda nao kwenye kitalu cha miche, mtaa wa pili kutoka kazini. Akamkuta mwanamke amevaa viatu vya mpira, mikono ina udongo mpaka viwikoni.

"Samahani. Hili ni shina?"

Yule mwanamke aliitazama picha akacheka. "Hilo si shina, kaka yangu. Hayo ni majani yamekumbatiana. Mgomba hata si mti. Ukiumenya mpaka ndani, ni majani tu, yanashikana mpaka yanasimama."

Kamusi alirudi kazini akafuta neno "shina". Kesho yake akarudi kitaluni bila ukurasa wowote.

"Leo unauliza nini?"

"Siulizi. Nimeleta neno. Chavua. Ule unga wa njano ndani ya ua."

"Unanifundisha mimi chavua? Mimi ninayeipaka kwa kijiti kila siku?"

"B..." akasita, akameza, akaokota jingine. "Sawa, nitakuita hivyo. Chavua."

Likawa jina lake. Na ukawa mchezo wao: yeye analeta neno, Chavua anatoa ajabu la mmea. Alimpa wahka, ile hofu inayokufanya ushindwe kukaa. Akapewa kifauongo, mmea unaofunga majani ukiguswa. Alimpa utusitusi, lile giza jepesi la jioni wakati huoni vizuri wala hujashindwa kuona. Akapewa mianzi, kwamba kuna aina inakaa miaka mingi bila ua hata moja, halafu yote inachanua kwa pamoja na kufa. Chavua aliyaandika maneno yake kwenye daftari la kitaluni, katikati ya tarehe za kupanda na kunyunyizia. Na Jumapili alimkaribisha kwake, akamkaangia mayai, kwa sababu mtu huyu kila walipokwenda kula aliagiza mayai.

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyokua. Na hivyo ndivyo yalivyofika mbele ya msajili, ambako maneno yameandikwa tayari na huruhusiwi kubadilisha.

Ile Ijumaa aliyotoka kwa msajili, simu ililia mara kumi na moja. Kamusi alikaa kitandani na suti yake akiitazama inalia. Simu ndiyo iliyokuwa adui yake mkubwa: huko hakuna uso wala mkono wa kusaidia, ni sauti tu. Mara ya kumi na mbili ikawa meseji ya Chavua.

"Uko salama? Niambie hilo tu."

Akajibu, "Salama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Sijui hata ulichonikosea."

Akaandika: Nina kigugumizi. Vidole havina kigugumizi, viliandika vizuri tu. Akayatazama yale maneno mawili kwa muda mrefu. Akayafuta. Aliogopa, tena aliogopa hasa. Mwanamke yule alimpenda mtu wa maneno. Akijua kwamba maneno yalikuwa magongo ya kutembelea, atabaki anampenda nani?

Jumamosi akapigiwa na namba asiyoijua. Akapokea kwa bahati mbaya.

"Ni mama yake," sauti ikasema. "Sitaki maelezo. Mwanangu hajala tangu jana. Nilikujua tangu siku niliyofiwa na dada yangu, watu wote wananipa pole, wewe umekuja na makiwa yako, unajidai hata msibani. Kama hukumtaka, ungesema humtaki. Una maneno yote ya dunia, umekosa hilo moja?"

Kamusi alifungua mdomo.

"Unaona? Hata sasa unaninyamazia," mama akasema, akakata.

Jumapili dada yake alikuja, akamkuta hajanyoa.

"Mwambie, mdogo wangu."

"Siwezi."

"Basi nimwambie mimi."

"Uliapa."

"Niliapa ukiwa na miaka tisa! Nimekaa na kiapo hiki mpaka nina mvi." Dada akaketi pembeni yake. "Unajua nilichofanya jana? Nimekwenda kwa yule msajili. Nimemuuliza, mtu asipoweza kusema yale maneno inakuwaje? Akaniambia anatia saini tu. Sheria inaruhusu. Wanakuja mabubu pale, wanaoana, wanaondoka zao. Ungesema mapema tu."

Kamusi akaweka uso kwenye viganja. Jambo lililomvunjia ndoa lilikuwa na dawa, na dawa yenyewe ilikuwa kusema. Asubuhi ile hakuwa na nguvu ya kufanya lolote.

Jumatatu mchana, akiwa mezani kwake kazini, meseji ikaingia.

"Nimepata kazi shamba la vanila. Mkataba miaka miwili, nimeshausaini. Naondoka mtondogoo saa nane mchana. Neno hilo umenifundisha mwenyewe, kwa hiyo najua utaelewa."

Kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Alihesabu kwa vidole kama mtoto. Ijumaa. Siku nzima alisoma ukurasa mmoja, na kosa lililokuwa humo akaliacha likaenda mtamboni.

Jumanne akaenda kitaluni.

Alimkuta amekaa juu ya gunia la mbolea, bakuli la mbegu mapajani, kipande cha msasa mkononi. Hakuinua macho.

"Umeleta neno?"

"Hapana."

"Basi kaa pale, uniache nimalize. Hizi zina miezi minane udongoni hazijaota. Mwenzangu alitaka kuzimwaga. Nikamwambia hazijafa hizi, ganda tu ndilo gumu. Unaisugua kidogo upande mmoja, maji yapate pa kuingia. Ukizidisha unaiua." Alisugua moja, akaitupa bakulini, akachukua nyingine. "Kwa nini uliondoka? Na nataka unijibu kwa mdomo. Ukitoa simu hapa uniandikie, naitupa kwenye pipa la maji."

"Nina..."

Aliliona neno linakuja. Hapo ndipo alipogundua, kwa mara ya kwanza maishani, ukatili wa neno lenyewe. Kigugumizi. Akafungua droo zake haraka haraka. Kitata? K hiyohiyo. Aliyeyatunga maneno yale hakuwa na huruma hata chembe. Halafu akaona mlango wa uani uko wazi: ulimi mzito. Nina ulimi mzito. Lingetoka laini, na angeongeza na mzaha juu yake. Alikuwa amepita milango ya aina hiyo maisha yake yote. Safari hii hakupita.

"Nina k... k... k..."

Taya ikatetemeka. Macho yakafumba yenyewe. Mkono ukaanza kupiga paja. Msasa ukamdondoka Chavua.

"Kamusi! Unaumwa? Nimwite mtu?"

Akainua kiganja: ngoja. "K... k... kigugumizi."

Bomba lilikuwa linadondosha maji.

"Tangu lini?"

"T... tangu mtoto."

"Lakini wewe mbona unaongea vi..." Akakatiza. Kamusi alimwona anarudi nyuma, siku baada ya siku, miaka yote miwili. "Mtondogoo," Chavua alisema polepole.

"K... kesho k... kutwa haitoki. Nikajifunza yote mpaka mwisho, nisije nikakwama."

"Na simu hupokei."

"Naogopa."

"Na mama ulipomwambia makiwa..."

"P... p... pole," akasema Kamusi, na jasho likamtoka. "Nilitaka p-pole."

Chavua akaziba mdomo. Halafu, kana kwamba kuna jambo limemgonga kisogoni:

"Na mayai?"

Kamusi akatazama viatu vyake.

"Kamusi. Mayai."

"Siyapendi. Hata harufu yake. Napenda k... k... k-kuku."

Chavua alicheka. Alicheka mpaka bakuli likainama na mbegu zikamwagika. "Miaka miwili! Kila Jumapili nakukaangia mayai! Nikinunua trei nzima!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza kutoka hayakujua tena kwamba yalianza kwa kicheko.

"Nilikuwa nayaandika," alisema akijifuta kwa mkono wenye udongo. "Maneno yako yote. Kumbe ulikuwa unakimbia. Unakimbia, na mimi niko nyuma yako, nadhani tunacheza."

"Nilianza k-kwa k-kukimbia."

"Na halafu?"

"Jioni." Kamusi alisema neno hilo bila shida yoyote. "Umesikia? Jioni inatoka vizuri. Sikuhitaji utusitusi. Nilikuletea k-kwa sababu ni neno zuri, na... na k-kwa sababu nilitaka uwe nalo."

Chavua aliinuka. Alilichukua daftari lililokuwa juu ya debe, akalifungua, akalifunga.

"Hilo nalichukua," alisema. "Lakini nikwambie kilichoniuma. Si kigugumizi. Hata ungekuja huna ulimi kabisa. Kilichoniuma ni kwamba mama yangu alikuwa pale, dada yako alikuwa pale, nimevaa gauni, na wewe ukaona bora nidhani hunitaki kuliko nijue hiki. Ulichagua mimi niumie ili wewe usionekane."

Hilo Kamusi hakuwa na jibu lake. Si kwa sababu ya herufi. Lilikuwa kweli tu.

"N-nisamehe," akasema, na hata N, ambayo haikuwahi kumsumbua, ikakwama.

Chavua akainama akaanza kuokota mbegu, moja moja. Kamusi akapiga magoti akamsaidia. Waliokota kwa muda, vidole vikikutana na kuachana.

"Unajua ua la vanila?" Chavua aliuliza, macho chini. "Linafunguka asubuhi moja tu. Ikifika mchana linanyauka. Mtu lazima apite na kijiti kidogo, alipake chavua mwenyewe, ua kwa ua, asubuhi hiyohiyo. Asipopita ndiyo basi. Ijumaa nitapita kwa msajili saa nne. Basi langu ni saa nane, na nitapanda, na pete au bila pete. Ukija, uje na kigugumizi chako. Ukija na neno la kubadilisha, nitakayetoka safari hii ni mimi."

"Na vanila?"

"Vanila nini?"

"Msahihishaji anahitaji meza na... na k-kalamu t-tu. Huko hakuna meza?"

Chavua aliacha kuokota, akamtazama usoni. "Sema kwanza," alisema. "Meza tutatafuta."

Ijumaa saa nne kasoro, chumba kilekile, feni ileile. Mama wa bibi harusi alikaa kwenye kiti cha mwisho amefunga mikono. Mwanawe alikuwa amemweleza, na amesema amesikia, lakini kusikia na kusamehe ni safari mbili. Mkoba wa safari wa Chavua ulikuwa mlangoni.

Msajili alisogeza fomu. "Nimeelezwa hali, bwana. Hapa unaweza kutia saini tu, sheria inaruhusu. Nitaandika kwamba umekubali."

Dada yake akashusha pumzi. Kamusi aliiangalia kalamu. Ilikuwa karibu sana.

"Hapana," alisema. "Nitasema."

Akaichukua karatasi.

"Mimi, k... k... k..."

Ilikuwa mbaya kuliko kitaluni. Shingo ikakaza, kichwa kikaanza kutikisika, mguu ukapiga sakafu. Wakati wote ule hakujua kama litatoka, na nisikudanganye, hakuna dawa yoyote iliyomshukia wala muujiza. Alikuwa mtu amesimama mbele ya neno dogo kuliko yote katika lugha, na neno halifunguki. Maharusi waliokuwa benchini nje walichungulia mlangoni.

"...kwa hiari yangu, b... b... bila k... k..."

"Msajili," mama wa bibi harusi akasema ghafla, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "si asaini tu? Mtoto wa watu anateseka."

"Mama, mwache," Chavua akasema. Hakumwondolea macho Kamusi. Hakumsaidia neno hata moja, ingawa midomo yake yote ilikuwa inataka.

"...bila k-kulazimishwa na mtu, nakubali k... kumchukua mwanamke huyu k... k... k..."

Saa ya ukutani ilikuwa imekula dakika nne na ushei. Shati limelowa. Alifumba macho, akayafumbua, akamwona, akarudi kwenye lile neno.

"...kuwa mke wangu."

Mama alikuwa anajifuta kwa ncha ya mtandio. Dada alikuwa analia waziwazi kama mtoto, kiapo chake cha miaka mingi kimekwisha.

Msajili alikohoa, akavaa miwani yake. "Sawa. Bibi harusi, zamu yako. Neno kwa neno."

Chavua akaichukua karatasi. Yeye hajawahi kushindwa na neno maishani. Kitaluni akiita mtu, anasikika mtaa wa pili.

"Mimi," akasema, na sauti ikakatika. Akajaribu tena. Midomo ikatetemeka. Hakuna kilichotoka. Akamgeukia Kamusi, macho yamejaa, hana la kufanya.

Msajili akatazama saa, akatazama foleni ya mlangoni. "Bibi harusi?"

Kamusi akamshika mkono.

"T... t... t..." alisema, bila haraka yoyote. "Tunasubiri."